Namna ya Kuendesha Unasihi wa Kikundi kwa Wanafunzi Wanaohofia Maisha Baada ya Sekondari

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita katika shule yoyote ya Mbeya, Iringa au Njombe huulizwa swali moja mara nyingi kuliko maswali yote ya mtihani: ukimaliza unakwenda wapi? Huulizwa na kondakta wa Costa anaporudi shuleni mwezi Januari, huulizwa na wazee wa kanisa, huulizwa na mama mdogo aliyekuja kusalimia, na kila mara hutoa jibu litakalompendeza muulizaji, kwa kuwa amekwisha kujifunza kwamba neno "sijui" huzaa mawaidha ya nusu saa. Kufikia Machi anakuwa na majibu matatu au manne yanayopishana, anayatoa kulingana na anayeuliza, na usiku anakaa macho bwenini akiamini kwamba wenzake wote wana mpango isipokuwa yeye. Wa Kidato cha Nne hupita katika hali hiyo hiyo miezi michache kabla ya Novemba, akiwa na umri mdogo zaidi na maneno machache zaidi ya kujieleza.

Imani hiyo ya kila mmoja kwamba amebaki peke yake ndiyo sababu kubwa ya kutumia kikundi badala ya kuwaita wanafunzi mmoja mmoja ofisini. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya mwalimu anaweza kuambiwa kwamba wenzake nao wanaogopa, na asisadiki. Aliyeketi na wenzake saba atawasikia kwa masikio yake. Jambo hili lina historia. Mwaka 1905 daktari Joseph Pratt wa Boston, Marekani, alianza kuwakusanya kila wiki wagonjwa maskini wa kifua kikuu ili awafundishe namna ya kujitunza nyumbani, na akaona kwamba kule kukutana kwenyewe kuliwapa moyo, zaidi ya mafundisho aliyokuwa ameyaandaa. Mwalimu anayeanza kazi hii atalazimika kugundua jambo hilo hilo, na kwa kawaida huligundua baada ya kushindwa.

Mimi nilishindwa mara yangu ya kwanza. Niliwakusanya wanafunzi arobaini katika bwalo la chakula, nikasimama mbele yao, nikawaambia wawe huru kuzungumza. Aliyezungumza alikuwa kiranja mkuu peke yake, naye alizungumza kama mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Mwongozo huu umetokana na makosa kama hayo.

Kuwapata wanakikundi na mahali pa kukutania

Wanafunzi wanane ni idadi nzuri. Sita wanatosha, na kumi na wawili ndio mwisho, kwa sababu katika kikao cha dakika sitini kikundi kikubwa zaidi ya hapo huwapa watu wawili au watatu nafasi ya kusema na wengine wote nafasi ya kujificha. Kikundi kikishaanza kifungwe, yaani asiingizwe mtu mpya katikati, hata akiwa na shida kubwa. Huyo aandikwe kwa ajili ya kikundi kitakachofuata au apewe muda wake binafsi. Vikao sita, kimoja kila wiki, vinatosha kufanya kazi ya maana. Kwa Kidato cha Sita, ambao mtihani wao ni Mei, vianze mwishoni mwa Februari ili viishe kabla ya katikati ya Aprili. Kwa Kidato cha Nne, vianze baada ya mitihani ya mock na viishe mapema Oktoba. Kikundi kinachofunguliwa wiki mbili kabla ya mtihani hufungua vidonda ambavyo hakuna atakayepata muda wa kuviuguza.

Tangazo la kikundi litolewe kwa maneno mepesi, wala lisiwe na neno "wenye matatizo". Baada ya hapo mwalimu azungumze na kila aliyejiandikisha kwa dakika kumi, faraghani, akimuuliza ni nini kilichomfanya ajiandikishe, anatarajia kupata nini, na kama kuna mtu ambaye hangependa kuketi naye katika duara moja. Swali hili la mwisho walimu wengi hulisahau, nalo limeokoa vikundi vyangu zaidi ya mara moja, kwani bwenini kuna wizi, kuna mapenzi yaliyovunjika na kuna ugomvi ambao walimu hawana habari nao. Mazungumzo hayo ndiyo pia yanayoonyesha nani asiingie: aliyefiwa juzi, aliyefanyiwa ukatili, na anayezungumzia kifo chake. Hawa wanahitaji msaada wa mtu mmoja na wa haraka, na kuwaweka katika kikundi ni kuwaongezea mzigo wao na wa wenzao.

Changanya tahasusi, yaani michepuo ya masomo. Mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) ambaye ukoo mzima unamwita daktari na mwanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) anayeambiwa kwamba masomo yake hayana ajira wana mengi ya kupeana, na kila mmoja hushangaa kugundua kwamba mwenzake anamwonea wivu. Wasichana na wavulana wanaweza kuketi pamoja katika jambo hili, mradi wawe na uwiano. Msichana mmoja kati ya wavulana saba hatasema lolote la kweli. Inafaa kuwa na walimu wawili, mwanamke na mwanaume, mmoja akiongoza na mwingine akitazama nyuso.

Mahali ni jambo dogo linaloharibu makubwa. Ofisi ya mwalimu wa nidhamu haifai, na chini ya mti hakufai katika nyanda hizi, kwa sababu ukungu wa Mufindi na upepo wa Uporoto huwafanya wanafunzi wafikirie masweta yao badala ya kufikiria wanachosema, na kwa sababu kila apitaye anaona nani analia. Maktaba au maabara baada ya vipindi inatosha, viti vikipangwa kwa duara bila meza katikati. Mwalimu aketi kwenye kiti kama chao.

Siri, na mipaka yake

Kabla ya kikao cha kwanza, mwalimu akubaliane na mkuu wa shule kwa uwazi kwamba hatatoa taarifa ya yaliyosemwa, isipokuwa katika mambo yaliyotajwa tangu mwanzo. Mkuu wa shule asiyekubali sharti hilo ni bora kikundi kisianze. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwahi kusimulia katika chumba cha walimu habari ya mwanafunzi mmoja bila kumtaja jina, nikidhani nimemficha vya kutosha. Siku iliyofuata mwalimu mmoja akamtania darasani, na kikundi kile hakikukutana tena. Wanafunzi hawakunilaumu kwa maneno. Waliacha tu kuja.

Maneno ya kuwaambia wanafunzi yawe haya au yanayofanana na haya: "Mtakayosema hapa hayatatoka kupitia kwangu, isipokuwa nikisikia kwamba mtu anataka kujidhuru, au anataka kumdhuru mwingine, au kuna mtoto anayefanyiwa ukatili. Hapo nitalazimika kumweleza anayeweza kusaidia, na wewe mwenyewe nitakuambia kwanza. Ninyi nanyi naomba mtunziane, ingawa siwezi kuwaahidi kwamba kila mmoja atatunza. Kwa hiyo kila mtu apime mwenyewe kiasi cha kusema." Sentensi ya mwisho ni ya lazima, kwa kuwa ndiyo ya kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na taarifa za kuvunjwa kwa haki zake zinapaswa kufikishwa kwa mamlaka za serikali za mitaa. Wengi wa Kidato cha Nne wako ndani ya umri huo, na mwalimu hana ruhusa ya kubaki na siri ya namna hiyo moyoni.

Kikao cha kwanza: karatasi zisizo na majina

Baada ya salamu na makubaliano, mwalimu ampe kila mmoja karatasi ya ukubwa uleule na kalamu ya rangi ileile, awaombe waandike kwa herufi kubwa jambo moja wanaloliogopa zaidi kuhusu maisha baada ya mtihani wa mwisho. Jina lisiandikwe. Karatasi zikunjwe, zichanganywe katika boksi la chaki, kisha mwalimu azisome moja baada ya nyingine kwa sauti ya kawaida, bila kutoa maoni. Asiwaachie wanafunzi wazisome, kwa maana watatambuana mwandiko hata wa herufi kubwa.

Yatakayotoka humo hayatafanana na yale yaliyomo katika vitabu vya uchaguzi wa kazi. Mmoja ataandika kwamba anaogopa kupata ziro na mdogo wake afaulu. Mwingine ataandika kwamba baba aliuza miti kabla haijakomaa ili alipie kidato cha tano, na sasa yeye hapendi kabisa kozi anayotarajiwa kusoma. Atakuwepo anayeandika kwamba kuna mtu anakuja nyumbani kumposa, na kwamba akifeli wazazi watakubali mahari. Yuko anayeogopa kufaulu, kwa sababu akipata chuo na asipate mkopo aibu itakuwa kubwa kuliko ya kufeli. Yuko anayeogopa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa. Yuko anayeogopa kurudi kijijini kulima viazi baada ya watu kumwita msomi kwa miaka sita. Na karibu kila mara kuna karatasi iliyoandikwa maneno mawili tu: SINA NDOTO.

Kila karatasi ikisomwa, mwalimu aulize: "Ni nani ambaye jambo hili linamgusa, hata kidogo? Ainue mkono." Halafu anyamaze. Mikono itachelewa, kisha itainuka mingi kuliko ilivyotarajiwa, na wanafunzi watageuza vichwa kutazamana. Tazamo hilo ndilo tunda la kikao cha kwanza, na mwalimu asilivuruge kwa kuongeza maneno. Karatasi zitunzwe katika bahasha iliyofungwa, kwani zitahitajika mwishoni.

Mwalimu kunyamaza

Neno unasihi lina shina moja na nasaha, yaani mawaidha, na pengine hapo ndipo tulipoanzia kupotea. Tumelelewa katika mila ambayo mkubwa husema na mdogo husikiliza, na mwalimu aliyezoea kusimama mbele ya darasa kwa miaka kumi na mitano huona kimya cha sekunde ishirini kuwa ni kipindi kilichomshinda. Katika kikundi kimya hicho ni kazi inayofanyika. Hesabu moyoni hadi ishirini kabla ya kusema lolote, na mara nyingi mwanafunzi atasema kabla hujafika kumi na tano.

Tuseme mwanafunzi amesema, "Mwalimu, mimi nikifeli sirudi nyumbani." Jibu linalotujia haraka ni kumwambia asiseme hivyo, hawezi kufeli, yeye ni kichwa, amtegemee Mungu. Kila kipande cha jibu hilo kina nia njema, na kwa pamoja vinamfunga mdomo, kwa kuwa vimemwonyesha kwamba hofu yake inamsumbua mwalimu. Swali litakalomfungua ni dogo zaidi: "Ukiifikiria siku hiyo ya kurudi, unamwona nani mlangoni?" Atamtaja mtu. Anaweza kuwa baba, anaweza kuwa bibi aliyemlea, anaweza kuwa kaka aliyeacha shule ili yeye asome. Kikundi kitajua kwamba hofu yake ina sura na jina, na hapo mwalimu ageukie wengine: "Na ninyi, mlangoni mnamwona nani?" Dakika arobaini zinaweza kupita katika swali hilo moja, na ziachwe zipite. Lakini baada ya kikao mwanafunzi yule abakizwe kwa upole, aulizwe alikuwa na maana gani aliposema harudi nyumbani, kwa sababu wapo wanaomaanisha kwamba watakwenda Tunduma kutafuta kibarua, na wapo wanaomaanisha jambo lingine.

Lugha nayo ni sehemu ya kazi hii. Wanafunzi wetu hufundishwa kwa Kiingereza, hutaniana kwa Kiswahili, na wengi wao hulia kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kikinga. Anayejieleza kwa Kiingereza cha darasani ndani ya duara anajificha, na inafaa kumwambia taratibu kwamba hapa hakuna alama. Akitumia neno la nyumbani kwao ambalo wengine hawalijui, aombwe alieleze, na katika kulieleza atasema zaidi ya alivyokusudia.

Mwenye kuzungumza sana asikatizwe kwa ukali, inatosha kumwambia, "Asante, nimekusikia, na ningependa nimsikie na yule ambaye hajasema leo." Asiyesema kabisa aachwe vikao viwili, maana wapo wanaopona kwa kusikiliza. Anayelia apewe muda, wala asikumbatiwe na mwalimu. Jirani yake katika duara atajua la kufanya. Mcheshi wa kikundi, ambaye hugeuza kila jambo kuwa kichekesho, mara nyingi ndiye aliyeandika karatasi nzito kuliko zote.

Deni la nyumbani

Kikao cha tatu, na cha nne ikibidi, kiwe cha nyumbani, na kwa maoni yangu ndicho kiini cha kazi hii yote katika mikoa yetu. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2022, na ni jambo lililopunguza maumivu. Lakini nauli, godoro, sare, michango na pesa ya matumizi vimebaki, na vyote hivyo vimetoka katika magunia ya viazi ya Njombe, katika mpunga wa Mbarali na Kyela, katika chai ya mkulima mdogo wa Rungwe, au katika mshahara wa dada anayefanya kazi za ndani Dar es Salaam. Mwanafunzi anajua hesabu hiyo kuliko tunavyodhani. Hofu yake juu ya maisha baada ya shule ni hofu ya mdaiwa ambaye tarehe ya kulipa inakaribia, na mwalimu anayemletea vipeperushi vya vyuo kabla ya kuligusa deni hilo atashangaa kwa nini vipeperushi havisomwi.

Namna ya kuligusa ni kuwaomba wanafunzi wamtaje mtu mmoja aliyetoa kitu ili wao wasome, na kueleza alitoa nini. Baada ya hapo kila mmoja ajibu swali hili: mtu huyo aliwahi kukuambia kwa kinywa chake anataka umlipe nini, au umekisia? Wengi hukuta kwamba wamekisia. Wachache hukuta kwamba waliambiwa waziwazi, na hao ndio wenye mzigo halisi unaohitaji mazungumzo ya kweli nyumbani.

Mazungumzo hayo yafanyiwe mazoezi ndani ya kikundi. Mwanafunzi mmoja aigize kuwa baba, mwingine awe yeye mwenyewe, waketi wawili katikati ya duara. Aanze kama atakavyoanza nyumbani: "Shikamoo baba. Nina jambo linalonisumbua, naomba unipe nafasi jioni hii." Wengine wasikilize na kusema ni wapi sauti ilipokuwa ya kulaumu, ni wapi ilipokuwa ya kuomba radhi kwa kosa ambalo halipo. Igizo likirudiwa mara tatu, maneno hukaa mdomoni. Hata hivyo mwalimu asimsukume mwanafunzi akamkabili baba ana kwa ana kana kwamba huo ndio ushujaa. Kwetu jambo zito hupitia kwa mtu wa kati, na kikundi kimsaidie kila mmoja kumtambua shangazi, mjomba au babu anayesikilizwa katika nyumba ile, ambaye anaweza kwenda mbele na kuandaa njia. Binti mwenye habari za posa ndiye anayehitaji zaidi mtu wa namna hiyo, na akiwa chini ya miaka 18, au akiwa analazimishwa, suala lake liondoke katika igizo na kumfikia afisa ustawi wa jamii.

Njia zaidi ya moja

Hapo ndipo taarifa zinapopata masikio. Kikao cha tano kiwe cha njia, na mwalimu ajiandae kwa masharti yaliyo sahihi, kwani nusu ya hofu za wanafunzi hulelewa na uvumi wa bwenini. Kwa wa Kidato cha Nne, kuingia Kidato cha Tano kunahitaji alama ya C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu. Aliyepata D nne anaweza kuomba kozi nyingi za astashahada katika vyuo vya kati, na wengi wao hawaamini mpaka waoneshwe kwa maandishi. Ufundi stadi hausubiri alama hizo. Kwa wa Kidato cha Sita, chuo kikuu kinahitaji ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1, ingawa kozi nyingi huweka masharti ya juu zaidi. Aliyepungukiwa anaweza kupita katika stashahada na kufika shahada kwa kuchelewa miaka michache. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ni njia halali, wala haina doa ambalo wanafunzi wanaliona.

Wengi wa vijana hawa hawajui kilichopo umbali wa nauli ya Hiace. Wataje vyuo kwa majina: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Ndaki ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa, chuo cha kilimo Uyole, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vya Mbeya na Iringa, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ilula. Kuhusu mkopo wa elimu ya juu, wakumbushwe sasa, si Agosti, kwamba cheti cha kuzaliwa kinapaswa kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Wapo wasio na cheti kabisa, na hilo ni jambo linaloweza kushughulikiwa wakati wa likizo. Kuhusu JKT kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima kwa wahitimu wa Kidato cha Sita, ambayo yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, aalikwe kijana aliyetoka kambi ya Mafinga au Itende mwaka uliopita azungumze nao. Robo saa yake itafuta simulizi za mwaka mzima.

Wageni wengine wachaguliwe kwa uangalifu. Aliyefanikiwa kwa njia iliyonyooka huwaongezea hofu. Afadhali fundi umeme aliyetoka na daraja la nne, muuguzi aliyerudia mtihani, au mwanamke mwenye kibanda cha nafaka Mwanjelwa aliyeacha chuo mwaka wa pili na anayeweza kusema bila kupamba ni nini kilichokuwa kigumu. Asialikwe mtu wa kuwaambia vijana "jiajirini" kisha aondoke. Parachichi la kubebesha linachukua kama miaka mitatu kuanza kuleta mavuno, misindano ya Mufindi inachukua miaka mingi zaidi ya hapo, na shamba katika hali zote mbili ni la baba. Mwenye kutaja kujiajiri ataje pia mahali ardhi na mtaji vitakapotoka, ikiwemo ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi vya vijana, na aeleze kwamba kikundi huanza kwa kusajiliwa.

Mwisho wa kikao hiki kila mwanafunzi aandike njia tatu: atakayoifuata matokeo yakiwa kama anavyotamani, yakiwa ya kati, na yakiwa mabaya. Katika kila njia aandike tarehe ya hatua ya kwanza, shilingi za hatua ya kwanza, na mtu wa kwanza wa kumwona. Njia ya tatu ndiyo watakayoikimbia, nayo ndiyo mwalimu ahakikishe imejazwa yote, kwani aliyeandika "kwenda kwa mjomba Makambako, nauli, tarehe 20 Julai, kujifunza kuchomelea" amepunguza usiku mwingi wa kukesha.

Kuhusu mwili nitasema machache. Usingizi wa kutosha unasaidia kuliko prepo ya saa nane za usiku, na pumzi ya kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, kwa dakika tatu, hutuliza moyo unaodunda. Kila kikao kinaweza kuanza nayo.

Anayehitaji zaidi ya kikundi

Msongo wa kawaida hupanda na kushuka. Mwanafunzi ambaye kwa wiki mbili mfululizo hana furaha na chochote, halali au analala kupita kiasi, amepoteza hamu ya kula, anagawa vitu vyake, au anasema kwamba nyumbani wangekuwa na nafuu bila yeye, amevuka uwezo wa duara. Aulizwe faraghani na kwa maneno yaliyo wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizi mtu wazo, humpa ruhusa ya kulisema lililokuwemo. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, mzazi na mkuu wa shule waitwe, na afikishwe hospitali ya wilaya au ya mkoa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kwa walio na umri wa mtoto, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Familia za wakulima ziombwe kufungia dawa za sumu za mashambani mahali penye kufuli. Jambo hilo moja, wakati wa matokeo, lina uzito kuliko hotuba yoyote.

Kikao cha mwisho na siku ya matokeo

Kikao cha sita kiwe cha kuagana na cha kupanga siku moja mahususi. Matokeo ya Kidato cha Sita hutoka kwa kawaida Julai, ya Kidato cha Nne Januari, wakati kikundi kimetawanyika toka Kyela hadi Ludewa na wengine wako kambini ambako simu haiko mkononi muda wote. Kila mmoja aamue leo atayatazama akiwa na nani, na asiyatazame peke yake. Wagawanywe wawili wawili, na kila mmoja ampigie mwenzake siku hiyo na siku ya tatu baada yake, kwa sababu siku ya kwanza nyumba hujaa watu na siku ya tatu hubaki tupu. Mwalimu naye atoe namba yake, aeleze ni saa ngapi atapatikana, na asiahidi zaidi ya hapo.

Kisha bahasha ifunguliwe. Karatasi zitandazwe mezani katika chumba cha pembeni, maandishi yakiwa juu, na kila mwanafunzi aingie peke yake, aitafute yake, aichukue au aiache. Wengine hutoka wakiwa nayo mfukoni. Wengine huomba kalamu na kuongeza mstari chini yake. Zitakazobaki mezani mwalimu azipeleke jikoni, azitie motoni bila kuzisoma tena.